Mkate Mmoja wa Mama Tanuri

Wifi wa Mama Tanuri alibisha hodi jikoni kwake kabla jua halijapanda, vumbi la uzi likiwa bado nyweleni. Alikuwa mfumaji wa mahema.

"Mikate kumi na miwili, wifi. Sita ya ngano nyeupe, ya wageni wa chumbani. Sita ya shayiri, ya mahamali wa uani. Ifike kwangu saa ya chakula."

Mama Tanuri aliendelea kukanda, viganja vyake vikizama kwenye unga hadi vifundoni. "Ni wale wenzako tena? Wanaosema fundi seremala aliyeuawa amefufuka?"

"Ndio hao."

"Mtu kafufuka, na bado mnawatenga wenye ngano na wenye shayiri!" Akacheka hadi kifua kikatikisika. "Haya nenda, nitaoka. Dini ni yenu, tumbo ni la wote."

Maneno hayo yalimchoma wifi, lakini alikuwa mtu wa kumeza machungu akitabasamu. Akaondoka.

Donge la ngano lilikuwa limeumuka vizuri, la shayiri likiwa pembeni, Mama Tanuri aliposikia nyuma yake mlio kama wa mtu anayevunja nazi. Kabla hajageuka, kuba la tanuri likadidimia, na vumbi la udongo likajaa jikoni. Alipopangusa macho, palibaki sakafu ya tanuri tu, yenye moto mkali, na kipande cha ukuta. Unga wote ulikuwa salama chini ya kitambaa, ila pa kuokea mikate kumi na miwili hapakuwepo.

Alikaa chini akashika tama. Kisha akainuka. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini unga haukuwa umemwagika. Akachanganya donge la ngano na la shayiri, akakandamiza, akapata mkate mmoja mpana kama gurudumu la mkokoteni, akauweka juu ya sakafu ile ya moto na kuufunika kwa chungu kilichopasuka na vigae. Ukaiva kwa shida, ukaungua ukingoni, lakini harufu yake ilivuta majirani hadi dirishani.

Hamali mmoja wa uani, aliyekuwa akipita kwenda huko, aliubeba kichwani juu ya ubao hadi nyumbani kwa wifi. Mama Tanuri alimfuata, akipanga visingizio njia nzima.

Wifi alipouona, alishika mdomo. "Hili ni jiwe la kusagia au mkate?"

"Tanuri limeanguka, wifi. Niue ukitaka, ila kwanza ule."

Mlango wa chumba ulikuwa mwembamba. Waliinamisha ubao huku, wakainamisha kule, haukupita. Tajiri wa vitambaa, ambaye yule hamali alikuwa mtumwa wake, alitoka kuona kelele ni za nini. Wenzake wakamfuata. Mwishowe ubao ukatuliwa uani, na watu wote wakawa wamesimama kuuzunguka, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyemfuata yule seremala kwa miguu yake mwenyewe, kijiji hadi kijiji, enzi za uhai wake. Alianza kucheka taratibu, kisha akashindwa kujizuia, machozi yakamtoka.

"Yeye alitumegea mmoja," akasema. "Mmoja tu! Habari za vyumba tulizileta sisi. Mwokaji, mega."

Mama Tanuri akamega. Tajiri alipokea kipande cha kwanza, akakitazama, akamtazama hamali wake aliyekuwa hajui aweke wapi mikono. Akakigawa mara mbili na kumpa nusu kubwa.

"Kaa, ndugu yangu," akasema, na sauti ikamkwama kidogo kwenye neno hilo "ndugu".

Hamali akakaa. Uani pakalipuka kicheko na wimbo, kila mtu na sauti yake. Wifi alimvuta Mama Tanuri mkono, akajisogeza kumpa nafasi mkekani.

"Hata mimi nisiye wa kwenu?"

"Umetuzidi sote leo, mama wewe. Keti."

Kesho yake walifika jikoni kwake wote, wa chumbani na wa uani, kujenga tanuri jipya. Tajiri wa vitambaa alikanyaga udongo hadi magotini, kanzu kaikunja kiunoni, na hamali akamwelekeza pa kukanyaga.

"Hapo bado kavu, ndugu! Tia nguvu!"

Naye akatia nguvu, akiteleza na kucheka.