Vibao vya Mwaloni Jalalani

Bi Msasa hakupewa jina hilo kwa sababu ya kazi. Ni kweli alikuwa mchonga vibao, na vidole vyake vilishalambwa na msasa miaka kumi na minane, lakini waliomwita hivyo walikuwa wanausema ulimi wake. Mteja akileta maneno yenye makosa ya tahajia, alimrudishia karatasi yake na kumwambia, "Kaandike kwanza, halafu uje tuchonge." Mwenye karakana alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, na kila alipokuja mteja mzito alimtafutia Bi Msasa shughuli ya mbali, huko nyuma kwenye rundo la mbao.

Siku aliyokuja afisa wa bustani wa manispaa, Bi Msasa hakufichwa. Aliitwa.

Afisa alisimama katikati ya karakana akiwa ameinua miguu ya suruali kwa vidole viwili, maranda yasimguse. "Tunabadilisha vibao vyote vya bustani kuu," alisema. "Thelathini na viwili. Tunataka mwaloni mpya, wenye muhuri wa msitu unaotunzwa. Na kila kimoja kiwe na maneno haya chini: Rafiki wa Mazingira."

"Vilivyopo si mwaloni?" Bi Msasa aliuliza.

"Ni mwaloni. Ila vimeoza."

Shemeji alikohoa. "Utaratibu unataka fundi avikague na kutia sahihi kwamba vimeoza, ndipo viondolewe. Kazi ya nusu siku tu, shemeji."

Bi Msasa alivijua vibao vile. Vilichongwa na baba mkwe wake, marehemu, miaka thelathini na mitano nyuma, kabla yeye hajaolewa. Ndiye mzee aliyemshikisha patasi kwa mara ya kwanza, akamwambia kwamba moyo wa mwaloni una uchungu kama chai iliyosahaulika kwenye birika, na uchungu huo ndio dawa yake. Wadudu hawautaki, ukungu hauutaki. Hauhitaji kupakwa sumu yoyote. Uuache juani na mvuani, utageuka kijivu kama nywele za mtu mzima, na ndani utabaki kijana.

Kesho yake alikwenda bustanini na nyundo, kisu na randa ndogo ya mfukoni. Alikwenda kibao kwa kibao. Alikigonga akasikiliza, akachoma kisu pale mguu unapoingia ardhini, akapiga randa kwenye kona mojawapo. Chini ya ule ukijivu, unene wa kucha tu, mbao ilitoka rangi ya asali, na harufu yake ikaamka kana kwamba gogo limepasuliwa juzi. Vitatu tu ndivyo vilivyooza miguu, kwa sababu mtunza bustani alivirundikia mbolea mpaka magotini. Vilivyobaki, kisu kilikataa kuingia.

Aliandika hivyo hivyo: ishirini na tisa vizima, vitatu vikatwe miguu na kupewa mipya. Akatia sahihi.

Shemeji aliisoma karatasi amesimama, akaisoma tena amekaa.

"Umeandika nini hapa?"

"Nilichokiona."

"Mimi sikukutuma ukaone. Nilikutuma ukatie sahihi."

"Sahihi si hiyo hapo chini?"

"Shemeji, usinichezee. Mwaloni mpya una muhuri. Wanakata mti mmoja, wanapanda mitatu. Hayo mazingira yakupende vipi tena?"

"Na muhuri sina ugomvi," Bi Msasa alisema. "Wanaopanda wapande, Mungu awabariki. Lakini huo mmoja uliokatwa ulikaa miaka mia na ishirini mpaka kufika unene huu. Ukapandishwa meli, ukapandishwa malori mawili, uje uchukue nafasi ya mwenzake ambaye hajaugua hata mafua! Tupige randa, tuchonge maneno mapya, vitakaa miaka thelathini mingine."

"Na nembo mpya ya manispaa ikae wapi?"

"Nyuma. Kibao kina pande mbili, kama watu wengine."

Shemeji hakucheka. Aliikunja karatasi mara nne na kuiingiza mfukoni, na Bi Msasa akaona jinsi kidole gumba chake kilivyoikandamiza pale mfukoni, kama mtu anayeua kiroboto.

Jioni hiyo mama mkwe alimngoja mezani. Walikuwa wanaishi naye, na habari za karakana zilimfikia kabla ya walioziandika.

"Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite," alisema. "Sahihi ni wino tu. Nani amewahi kuvimbiwa na wino?"

"Mama, ile ni kazi ya mumeo."

"Mume wangu yuko kaburini, na hajaniuliza habari za vibao. Aliye hai ni mwanangu, na ndiye anayewapa kazi wewe na mumeo. Kula."

Bi Msasa alikula. Chakula kilikuwa kizuri, na hilo lilimuudhi zaidi.

Wiki mbili baadaye mbao mpya zilifika, nazo zilikuwa mbichi. Bi Msasa aliweka kiganja juu ya moja akahisi ubaridi wa maji ndani yake. Mbao nene namna ile ilitakiwa ikae kivulini miaka miwili, ikauke taratibu, ndipo iguswe. Zaidi ya hayo, nyingine zilikuwa na ukanda mweupe pembeni, ile nyama ya nje ya mti ambayo haina uchungu wowote na huoza kama muwa. Kwenye sanduku la skrubu alikuta chuma cha kawaida.

"Mwaloni na chuma havipatani," alimwambia shemeji. "Mvua ikinyesha utalia machozi meusi. Tafuta skrubu za shaba."

"Uzinduzi ni tarehe ishirini na moja. Chonga."

Na alichonga. Hilo ndilo lililokuja kumkaa kooni baadaye kuliko yote. Alijiambia kwamba hakutia sahihi uongo, kwamba fundi ni mkono tu, na akachonga Rafiki wa Mazingira mara thelathini na mbili kwenye mbao zilizokuwa zikitoa maji chini ya patasi. Ule unyevu ulikuwa na harufu chachu, ukavigeuza vidole vyake kuwa rangi ya zambarau nyeusi palipogusana na chuma cha patasi. Aliviosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Havikutakata.

Mumewe ndiye aliyekuwa dereva wa lori la karakana, mtu mpole, wa kusema ndiyo kabla hujamaliza kuomba. Alhamisi moja alirudi nyumbani ananuka. Halikuwa jasho. Ilikuwa harufu ya kitu kilichokufa kikafunikwa na maganda.

"Umetoka wapi?" Bi Msasa alimuuliza mlangoni.

"Kazini."

"Kazi gani inanuka hivyo?"

Mumewe alivua viatu, akavitazama. "Kaka alisema nisikuambie."

"Basi usiniambie. Nionyeshe."

Asubuhi walikwenda wawili. Nyuma ya soko kulikuwa na korongo ambalo mji mzima ulikuwa unalitapikia. Nzi walikuwa wengi mpaka sauti yao ilikuwa kama mashine iliyowashwa ikasahaulika. Juu kulikuwa na nepi zilizovimba, makopo ya rangi, matumbo ya samaki, magodoro yaliyopasuka. Na katikati ya hayo, vimelala kifudifudi na chali, vibao vya mzee. Kimoja kilikuwa kimesimama wima ndani ya uchafu, kikisomeka vizuri kabisa: Tafadhali Usitupe Taka.

Bi Msasa alicheka. Kisha akainama pembeni akatapika kifungua kinywa chote, mkono mmoja umeshika goti la mumewe.

"Ulivitupa mwenyewe?" alimuuliza alipopata pumzi.

"Kimoja kimoja," mumewe alisema. "Vilikuwa vizito. Nilijua kabisa kwamba kilichooza hakiwi kizito hivyo."

"Na ukaendelea."

"Na wewe ulichonga."

Bi Msasa alipandisha gauni, akalifunga kiunoni, akashuka. Mumewe alimfuata. Walifanya kazi mpaka jua la saa sita, wakiteleza, wakishika vitu ambavyo ni afadhali visitajwe. Usaha wa taka uliingia kwenye viatu, ukapanda mpaka magotini. Walipata vibao kumi na kimoja. Vilivyobaki vilikuwa chini zaidi, au vilishachukuliwa na wachoma mkaa. Waliviosha mtoni, mbali chini ya daraja, na Bi Msasa akawa anavisugua kwa hasira kama anayesugua mtoto aliyejipaka kinyesi, huku akimtukana shemeji, afisa, manispaa, na mwisho yeye mwenyewe.

Tarehe ishirini na moja bustani ilijaa viti vya plastiki na hema jeupe. Kila mgeni alipewa kijitabu kinachong'aa. Bi Msasa alikuja kwa sababu shemeji aliagiza mafundi wote wavae fulana mpya za kijani. Alikifungua kijitabu ukurasa wa tatu: Kwa mujibu wa ukaguzi wa fundi wetu mkuu, vibao vyote thelathini na viwili vilikuwa vimeoza na ni hatari kwa umma. Chini yake jina lake kamili, na sahihi. Ilikuwa sahihi nzuri kuliko yake, yenye mkia mrefu.

Aliifuata ile sahihi kwa kidole mpaka mwisho wa mkia.

Afisa akashika kipaza sauti. "Na sasa tumkaribishe fundi mwenyewe, mama wa mazingira, atusalimie!"

Shemeji alimtolea macho ya kusema salimia ukae. Bi Msasa alikwenda mbele.

"Hamjambo," alisema. "Vile vibao vya zamani havikuoza. Nilivikagua mimi, nikaandika hivyo. Hii sahihi si yangu. Viko korongoni nyuma ya soko, nendeni mkaone. Hivi vipya ni mbao mbichi, nimevichonga mimi pia, na ninaona kinyaa. Hakuna mti uliookolewa hapa. Iliyopo ni miti mizima iliyotupwa na mingine iliyokatwa bure."

Kisha mtu mmoja wa safu ya nyuma akapiga makofi, wengine wakamfuata, kwa furaha, wakidhani ni mchezo wa kuigiza wa kuhamasisha jamii. Afisa alikidaka kipaza sauti. "Ujumbe mzito sana huo! Soda ziko upande wa kushoto."

Watu wakakimbilia soda. Bi Msasa alisimama pale pale akitazama chupa za plastiki zikianza kurundikana miguuni mwa kibao cha kwanza. Alivua fulana ya kijani mbele ya watu, akabaki na blauzi yake, fulana akaiweka mapajani mwa shemeji.

"Umeniaibisha," shemeji alisema kwa sauti ya chini.

"Kama wangeelewa, ndiyo."

Hakurudi karakana. Miezi miwili mama mkwe hakusema naye zaidi ya kumwomba chumvi. Mumewe aliendelea kuendesha lori, maana nyumba ilitaka kula, lakini tangu siku ile alianza kuuliza mzigo unakwenda wapi kabla ya kuwasha injini. Bi Msasa aliweka meza ya kazi kwenye ubaraza, akavipiga randa vile vibao kumi na kimoja, na viwili vya kwanza vikachukuliwa na zahanati. Afisa alipandishwa cheo, akahamishiwa ofisi kubwa zaidi. Hakuna aliyekwenda korongoni kuangalia.

Mvua zilipoanza, shemeji alipiga simu.

"Shemeji, vibao vinatoa weusi. Kwenye kila skrubu. Na vimepasuka. Kuna dawa?"

"Ng'oa skrubu, tia za shaba, mbao uiache ikauke."

"Hakuna muda. Wageni wanakuja Jumatatu."

"Basi sina dawa," alisema, akakata.

Jumapili alipita bustanini akitoka kwa dada yake. Vibao vyote thelathini na viwili vilikuwa vimepakwa rangi ya mafuta, nzito, ya kahawia, na kwenye kopo tupu lililoachwa majanini kulikuwa na jina la rangi hiyo: Mwaloni. Maneno aliyoyachonga yalikuwa yamezibwa nusu. Aligusa herufi moja kwa kidole. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikamganda. Alijifuta kwenye nyasi, haikutoka.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amekaa ubarazani karibu na meza ya kazi, anachagua maranda ya kuwashia moto.

"Umeshika nini?" alimuuliza.

"Kazi ya mwanao, mama."

Mama mkwe alikivuta kile kidole karibu na macho, akakinusa, akakunja uso. Alinyanyuka, akaingia jikoni kutafuta mafuta ya taa na kitambaa cha kumfuta.