Matone nyuma ya chukudu

Waasi walipohama shuleni kwetu Butembo, walihama na maabara yote. Mkaguzi Laurent, mtu wa Kisangani, akanipa asubuhi moja: niwaonyeshe wanafunzi kasi isiyobadilika, kisha kasi inayoongezeka sawasawa, la sivyo darasa la fizikia apewe mwingine. Darasa lile nililipenda mno, nasema bila aibu.

Nikamwita Kambere na chukudu yake, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ile anayobebea magunia. Nyuma nikafunga kopo la maji lenye tundu, lidondoshe tone kila baada ya muda uleule. Kwenye tambarare asukume polepole, matone yaachane sawasawa. Kwenye mteremko aiachie, nafasi zitanuke. Kazi rahisi!

Kambere akaanza. Papo hapo Mama Emérence, aliyekuwa akipita kwenda sokoni, akatua kikapu chake cha viazi vya Masereka, akasukuma. Askari wa kizuizi cha barabarani naye akatupa bunduki mgongoni, akaingia.

"Hapana sukuma!" nikapiga kelele.

"Mwenzetu anasukuma, tumuangalie tu?" Mama Emérence akanijibu kwa ukali.

Chukudu ikazidi kukimbia. Mkaguzi akaandika kitu.

Ukabaki mteremko. Kambere akapanda, akakanyaga kile kipande cha tairi kinachobana gurudumu, akashuka taratibu kama bibi harusi.

"Kambere, achilia breki!"

"Madame, papa yangu alinifundishaka: mulima ni breki. Mguu yangu haijue kingine."

Mkaguzi akafunga daftari. Machozi yalinilenga, na ningempata Kambere ningemzaba kofi.

Ndipo Kavuo, msichana wa dawati la mbele, akainama kupima nafasi za matone kwa shubiri.

"Inspecteur, kuja uone. Ku tambarare, tatu, nne, tano, sita. Kambere peke yake alitosha. Bale bengine balizidisha nguvu, donc vitesse, ile kasi, inaongezeka. Ku mulima, tatu, tatu, tatu. Breki inazuia sawa vile mulima inavuta, donc vitesse hapana badilika."

Wenzake wote walikuwa wameshaandika vilevile. Mkaguzi akanigeukia.

"Madame Anne-Marie, ulipanga hii?"

"Hapana," nikasema. Kudanganya kulinishinda.

Akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Batoto banajua. Ubakie na classe yako."

Tulipoirudisha chukudu juu, Mkaguzi alitia daftari mfukoni, akaweka mikono miwili nyuma ya magunia matupu. Hakuna aliyemwomba.

"Inspecteur, hapana sukuma!" Kavuo akapiga kelele. "Unaharibu vitesse!"