Atakayembeba Ndinda

Waliokuwapo: Nicodemus, mwenye nyumba, Joy, mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, Kaingu, mfanyakazi mwenzake Nicodemus bandarini, na Ndinda, mama yake Joy, aliyeketi chumba cha pili nyuma ya pazia.

Pazia hilo lilikuwa la heshima. Kwa Wakamba wa rika la Ndinda, mama mkwe na mume wa bintiye hawaketi pamoja, hawali pamoja, wala hawagusani. Tangu Ndinda alipowasili Mombasa kutoka Kitui kutibiwa macho, Nicodemus alipita ukumbini akiwa ameinamisha kichwa, na kila alichotaka kumwambia kilipitia kwa Joy.

Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kuzimwa na presha ya macho. La kushoto, alisema daktari, lingefuata karibuni. Ndinda hakulia. Aliomba jambo moja tu: aione bahari isiyo na meli wala mtu. Walikuwa wamempeleka ufuo wa Mama Ngina, hapo mjini, akarudi akisema kwamba ameona watu wakila mihogo, na nyuma yao maji kidogo.

Kaingu, mzaliwa wa Kilifi, ndiye aliyeujua ufuo wa kumfaa, kaskazini, mbali na lami.

"Gari linaishia juu," alieleza, akichora kwa kidole mezani. "Kutoka hapo ni mwamba, wenye ncha na utelezi, njia ya mtu mmoja. Jumamosi ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Asubuhi maji yatakupwa sana, nanyi mtapita. Yakijaa mngali huko, hamtoki mpaka jioni."

"Mtapita?" Joy akauliza. "Si ulisema utakwenda nasi, umbebe wewe?"

Kaingu akatazama kikombe chake. "Wamenibadilishia zamu, shemeji. Nimewasihi, wamekataa."

Kichochoroni tuktuk ilipiga honi, ikapita.

"Basi tungoje bamvua nyingine," Nicodemus akasema.

"Kwa macho ya nani?"

"Joy, sikukataa. Nasema tutafute mtu hukohuko."

"Huko hakuna mtu," Kaingu akajibu. "Ndiyo maana mnakwenda."

"Au tumkalishe kitini, tumbebe na kiti."

"Kiti chataka watu wawili, na njia nimekwambia ni ya mmoja." Kaingu akajaribu kutabasamu. "Bwana we, Mkamba anayeogopa maji nimemzoea. Anayeogopa mkwewe ndiye namwona leo."

Hakuna aliyecheka.

"Wewe tania," Nicodemus akasema taratibu. "Kwetu, amgusaye mama mkwe hasemwi peke yake, husemwa pamoja na ukoo wake. Baba yangu yu hai, na kanisani ni mzee. Nitamwambia nini?"

"Usimwambie kitu," Joy akasema. "Nitamshika mkono mimi, tushuke polepole."

"Na tumbo hilo?"

"Na tumbo hili."

"Mkianguka nyote wawili je?"

"Tutakuwa tumeanguka tukienda."

Nyuma ya pazia fimbo iligonga sakafu. "Joy," Ndinda akaita, "mwambie mumeo nisiwe sababu ya ugomvi katika nyumba yake. Nitarudi Kitui. Macho haya yameona mengi, yanatosha."

Joy hakugeuka. Alimkazia macho mumewe. "Umemsikia."

"Nimemsikia."

"Basi nipe jibu nimpelekee."

Nicodemus akainuka, akaenda dirishani, akasimama akiwapa wote mgongo. Safari hii aliipanga mwenyewe tangu mwanzo: gari, mafuta, chakula, saa za maji. Mahali pa kubeba alimweka Kaingu upesi, kabla mtu mwingine hajatajwa, na wote walikubali kwa kuwa ilikuwa rahisi kukubali. Sasa mahali hapo palikuwa wazi, na kati ya watakaokwenda, mwenye mgongo wa kufaa alikuwa mmoja.

"Kaingu," akauliza bila kugeuka, "kwenye huo mwamba, mtu hushuka akitazama wapi?"

"Mbele, unapokanyaga. Ukitazama nyuma utateleza."

"Na aliyebebwa?"

"Afunge mikono shingoni, atulie. Atatazama baharini."

Nicodemus akarudi, akasimama katikati ya ukumbi, akainamisha kichwa kama alivyozoea. Sauti yake ilisikika mpaka chumba cha pili.

"Joy, mwambie Mama tunaondoka Jumamosi kabla jua halijachomoza. Nitambeba mimi, mgongoni, nami sitageuka nyuma. Na baba nitampigia simu kesho asubuhi mwenyewe, asije akaambiwa na mtu mwingine."