Neville Alivyopewa Mkia

Haya aliniambia Janice mwenyewe, Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, tumekaa wawili kwenye duka la kufulia nguo kwa mashine pale kona ya mtaa wetu, hapa Hull, mji wa bandari, tukingoja mashuka yakauke. Alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi kwa foronya. Yaliyokuwa kichwani mwa mumewe siku ile aliyajua baadaye, maana Neville akishaanza kusema habakizi kitu. Nayaweka kama nilivyoyapata.

Basi Neville huyu, miaka yote ya ndoa yao, likizo yake ilikuwa moja tu. Mwezi wa sita ukifika anaosha pikipiki, anafunga masanduku ubavuni, anampakia Janice nyuma, na wanapanda meli ya usiku kwenda Uholanzi. Asubuhi wanateremka Rotterdam, wanapiga mwendo mpaka milima ya Wajerumani, kwenye barabara zile zinazojipinda kama utumbo wa mbuzi. Wenzao wa chama cha pikipiki wanafuata mmoja mmoja, na Neville ndiye wa mbele. Siku zote Neville wa mbele, na Janice mgongoni kwake.

Mwaka huo Janice alikuja na pikipiki yake.

Nyekundu, ya mtumba, ya kampuni ileile ya pikipiki ya Neville ila ndogo. Leseni alikuwa ameipata mwezi wa nne, na aliyemfundisha si mumewe. Alifundishwa na Keith, fundi bomba, mgane, mwenye meno yake yote. Kila Jumapili walikuwa wakizunguka koni kwenye maegesho ya duka kubwa, na Neville nyumbani dirishani, chai inampoa mkononi, anatazama saa ya ukutani kama inayomdai. Janice akirudi mashavu mekundu kwa baridi, akasema "Leo nimekata kona bila kuweka mguu chini," Neville alijibu, "Viazi vimeungua."

Jioni ya safari walijipanga bandarini, pikipiki zote mstari mmoja. Chama chao kina desturi. Anayejua njia hutangulia. Aliye mgeni barabarani hukaa wa pili, mgongoni mwa kiongozi, na wote wanakwenda mwendo wake. Wa mwisho kabisa huvaa koti la njano. Huyo ndiye mkia, wala hampiti mtu.

Keith akapiga makofi. "Jamani, mwaka huu natangulia mimi. Janice wa pili. Brenda na wengine katikati. Mkia, Neville." Akamrushia koti.

Neville alilidaka bila kutaka. Brenda, mama mmoja mnene mwenye pikipiki kubwa kuliko za wanaume, akamtazama juu mpaka chini. "Njano inakukubali, mzee. Umekuwa kama chupa ya haradali."

Watu wakacheka. Neville akamtafuta mkewe kwa macho. Janice alikuwa anavaa glavu, kidole kimoja kimoja, na kichwa hakukiinua.

Siku saba, Neville akawaza. Siku saba nitakaa huko nyuma nikitazama mke wangu anafuata mgongo wa yule.

Ndani ya meli, chini kule kwa magari, pikipiki hufungwa kwa mikanda zisianguke bahari ikichafuka. Kila mtu huja na kitambaa chake cha kuweka juu ya kiti ili mkanda usikikwaruze. Neville alikuwa amechukua taulo mbili, moja yake, moja ya Janice. Alipomaliza kufunga ya kwake akageuka na taulo ya pili, akamkuta Keith ameshapiga magoti kwenye ile nyekundu, anakaza mkanda, na juu ya kiti ametandika skafu yake mwenyewe.

"Nimekumalizia kazi, mzee."

"Pikipiki ya mtu haiguswi bila ruhusa," Neville akasema. "Nani amekuruhusu?"

"Mwenyewe," akajibu Janice. "Ulikuwa umeshikwa na yako, Nev."

Neville akaikunja ile taulo, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama mkate.

Hapo ndipo shetani wake alipompitia. Pikipiki hizi za siku hizi zina king'ora cha wezi. Ukiiacha imetegwa ndani ya meli, mawimbi yakiitikisa inadhani inaibiwa, inalia usiku kucha, na kufikia asubuhi betri imekufa. Kila mwaka Neville ndiye aliyekuwa akipita kukumbusha watu wazime. Mwaka huo alizima ya kwake tu, hakukumbusha mtu, ila Janice aliizima ya kwake bila kuambiwa. Sasa, mfukoni mwa Neville kulikuwa na rimoti yake, na pia rimoti ya akiba ya ile nyekundu, aliyoichukua nyumbani eti kwa usalama.

Akiwa ngazini, watu wanamsukuma nyuma, akatia mkono mfukoni, akapapasa mpaka akagusa uzi wa kijani ambao Janice alikuwa ameufunga kwenye ile ya akiba. Akabonyeza. Chini kule kitu kikalia pip. Hakugeuka.

Kichwani alishaiona asubuhi yote. Mlango wa meli uko wazi, malori yanapiga honi, nyekundu imekufa, Keith anakuna kichwa. Halafu yeye, Neville, anafungua sanduku lake, anatoa nyaya za kuazimia moto wa betri, na kumwambia mkewe kwa upole, mbele ya wote: "Kumbe hili mwalimu wako hakukufundisha?"

Walikula huko juu, pai za nyama na bia. Janice na Keith waliinamia ramani moja, nywele zao karibu zigusane. Neville alikula pai yake na baadaye ya Brenda bila kujua. Meli ikatoka mdomoni mwa mto, ikaanza kuyumba, bilauri zikatambaa mezani, na moyo wake ukafurahi. Ikipiga hivi, akasema moyoni, betri yake haitafika usiku wa manane.

Kipaza sauti kikakohoa. Pikipiki inalia huko chini, mwenye nayo ajue kwamba sitaha ya magari imefungwa mpaka Rotterdam. Wakasoma nambari ya pikipiki. Wakairudia.

Brenda akaweka bia chini. "Hee! Si yako hiyo, Neville?"

Kweli ilikuwa yake.

"Wewe!" Brenda akapiga meza. "Mwaka juzi si ulinisimanga kwa hilihili mpaka nikalia? Mwalimu wa taifa zima!"

"Uzee huo, mzee, usijali," Keith akasema, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana alilisema kwa huruma.

Neville akatoa rimoti aone. Zikatoka zote mbili, zimesokotana kwenye uzi wa kijani kama watoto pacha; kule ngazini alikuwa amebonyeza ya kwake. Akazirudisha mbio, lakini Janice alikuwa ameshaziona. Wote walicheka isipokuwa yeye.

Chumba chao kilikuwa cha chini, juu tu ya magari. Ukilala ulisikia kwa mbali, sakafuni, ile sauti: wii, wii, inanyamaza, meli ikiinama inaanza upya. Janice alipanda kitanda cha juu.

"Ulitaka kuiliza yangu," akasema Janice.

Neville akatafuta uongo, akakosa. "Ndiyo."

"Ili iwe nini?"

"Ili unihitaji."

Wii, wii.

"Nilikuomba wewe kwanza unifundishe," akasema Janice. "Ukaniambia mwakani. Mwakani ikafika, ukasema mvua. Nikamwomba Keith, akasema Jumapili saa nne."

"Yule anakutaka."

"Anitake! Mimi siulizwi? Au na mimi ni pikipiki, anayenifunga mkanda ndiye mwenye mali?"

Ukuta ukagongwa. Keith alikuwa chumba cha pili. "Neville! Mnyonyeshe mwanao alale, watu wamechoka!"

Janice akaguna, nusu kicheko. Halafu akasema polepole, "Unamjua aliyekuchagulia mkia?"

"Keith."

"Mimi. Keith alitaka utangulie kama kawaida. Nikakataa. Nikianguka konani, wa mbele atajua saa ngapi? Atakuwa mlima wa pili. Mkia ndiye anayeona, ndiye anayesimama. Naogopa zile kona, Nev. Nilitaka macho ya nyuma yangu yawe yako."

Neville akajiinua kwa kiwiko.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema viazi vimeungua."

Meli ikainama. Chini kule sauti ikaanza tena, imechoka kidogo.

"Kesho asubuhi," akasema Janice, "nitakuazima moto mimi, kwa nyaya zako, watu wote wakiona. Brenda atapiga picha, na wewe utatulia. Wakiuliza, ulisahau. Lile lingine halitoki humu. Sasa nipe rimoti yangu."

Neville alihangaika na ule uzi gizani mpaka ukaachia, akainuka, akampelekea. Vidole vya Janice vikafunga juu ya rimoti, na juu ya vidole vya Neville kwa muda mfupi.

"Na koti utavaa."

"Nitavaa."

"Linakupendeza kweli. Brenda asikutie maneno."

Baada ya hapo pumzi ya Janice ikawa ndefu. Ng'ambo ya ukuta Keith alikuwa akikoroma kama msumeno, na Neville alifurahi kujua kwamba anakoroma vibaya hivyo. Wivu haukuwa umemtoka. Siku saba zilikuwa palepale, na mgongo wa yule mtu mbele ya Janice. Ila sasa nyuma ya Janice alijiona yeye, akihesabu kona kwa ajili yake.

Pikipiki ikalia tena, nyembamba, kama mtoto aliyesahau anacholilia. Ikakatika. Akangoja. Meli iliinama, ikainuka, ikainama, na chini hapakutoka kitu; betri ilikuwa imekwisha. Miguu yake ilipata baridi, akavuta koti la njano akaifunika, na hapohapo usingizi ukamchukua.