Mdomo wa Kitundu

Mistari miwili ya mchoro ilikuwa imelaliana tena. Wa kwenda na wa kurudi, mmoja juu ya mwingine, kama nywele zilizolowa. Nilifunga kompyuta nikalia, kisha nikaifungua kwa sababu mwanangu Amal alikuwa ananitazama.

Ilikuwa mara ya kumi na moja. Kazi yangu ya kumalizia darasa la jioni ni kuiga kwa kompyuta jinsi gesi inavyojaa na kutoka katika vitundu vya makaa ya vifuu, vitundu vyembamba mno, vilivyobana upande mmoja na kupanuka upande wa pili. Ukiongeza shinikizo, gesi hunata kwenye kuta za kitundu mpaka igeuke kimiminika na kukijaza. Ukipunguza, hutoka. Lakini makaa yenyewe, tuliyoyatoa Magarini yakapimwa maabara, hayatoi gesi kwa njia iliyoingilia. Hukawia nayo. Mstari wa kurudi huachana na wa kwenda, pakabaki uwazi katikati. Mimi uwazi huo sikuupata.

"Zuleikha," Mwalimu Thuku aliniambia asubuhi kwa simu, "majina ya mtihani yanaenda leo saa kumi na mbili jioni. Ukinitumia mchoro unaofanana na wa maabara, lako limo. La sivyo, mwakani."

Mwakani sikuwa nao. Mume wangu, Mansur, alikubali nisome mpaka Amal atembee, na Amal huyo hapo, kashika ukingo wa kochi, magoti yanamtetemeka. Nilimwombea aanguke. Mama gani humwombea mwanawe aanguke? Nilimbeba nikamtaka radhi shingoni, palipo na harufu ya maziwa.

"Bado kimekugomea, hicho kidude?" Mama mkwe wangu, Bi Shekha, aliingia kutoka uani na ungo wa mchele.

"Bado, mama."

"Kisomee Yasini."

"Nimekisomea."

"Basi kipige kofi."

Nilicheka machozi yakinitoka. Ndiye aliyenipigania kwa mwanawe nisome. Ndiye pia aliyenisomea vile vipimo, wiki mbili nyuma, nilipokuwa nanyonyesha na nina mkono mmoja tu: upana wa kitundu, tarakimu ishirini katika safu moja ya kulala, tangu mdomoni hadi mwisho ulioziba. Yeye akisoma, mimi nikibonyeza.

"Huenda niliruka moja," alisema, akaichomoa karatasi ya vipimo chini ya kikombe. "Hebu nifuatize."

Akaweka kidole. Akakiweka kulia.

"Kumi na mbili. Kumi na moja na nusu. Kumi na moja..."

Kidole kilitembea taratibu kuelekea kushoto, kama kinavyotembea kila alfajiri juu ya msahafu. Na kushoto kabisa, kwa kalamu nyekundu, mkono wangu mwenyewe uliandika: MDOMO.

Nikaligusa neno lile.

"Mama, waanzia wapi?"

"Mwanzo."

"Mwanzo ni huku."

"Mwanzo wa watu gani?"

Nikamweleza. Tulikuwa tumekigeuza kitundu. Chetu kilikuwa na mdomo mpana na ncha iliyoziba, kama faneli. Kimiminika huanza kwenye ncha, hupanda, kisha hushuka kwa njia ileile. Cha kweli mdomo ndio mwembamba. Ukishaziba pale, kilicho ndani hakina pa kutokea.

"Kama mrashi wa maji ya waridi," alisema. "Mpaka uutikise."

"Kama mrashi, mama."

Aliitazama karatasi tena.

"Siku zote hizi walia, kumbe mimi."

"Si wewe, mama. Sikukuonyesha pa kuanzia."

"Nilisoma nilivyofunzwa. Nyie ndio mwaanza mwisho." Akajifuta jicho kwa ncha ya leso. "Haya, geuza! Wangoja nini?"

Ilikuwa saa tisa kasorobo. Hesabu moja huchukua saa tatu. Niligeuza safu, nikabonyeza, nikamwomba Mola stima isipotee.

Alasiri ikapita. Saa kumi na moja na robo mstari wa kwenda ulifika juu. Wa kurudi ukaanza, nukta ya kwanza juu ya mwenzake, ya pili vilevile.

Nyuma yangu kochi likalia. Nikageuka. Amal ameliachia. Hatua moja. Ya pili, mikono hewani, anacheka. Ya tatu.

Bi Shekha alimnyakua kabla ya ya nne.

"Umeona, mama?" nilimuuliza.

"Nimeona nini? Macho yangu haya mabovu, mpaka kusoma nasoma kinyume." Akampakata akambana miguu kwa leso. "Mtoto huyu hajatembea. Atatembea baada ya mtihani, inshallah. Geuka, tazama mambo yako."

Niligeuka. Nukta ya tatu haikushuka. Wala ya nne. Mstari ulikuwa umeganda juu, peke yake, umekataa kuachia, na chini yake uwazi ukaanza kufunguka.

Nikachukua simu kumpigia Mwalimu Thuku.