Mikono Yangu Ikisimama

Mjukuu wangu Jacklyne hutengeneza programu za simu. Mwaka jana walimwita ahutubie wenzake wa kompyuta. Akasimama mbele yao, maneno yakamkauka, akashuka. Safari hii walipomwita tena, aliniambia akikwama hatapanda jukwaa lingine maishani.

Basi kila jioni akawa anajaribu hotuba sebuleni kwetu mtaani Jericho, mimi nikifuma vitambaa vya viti. Siku moja akaacha katikati.

"Dani," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "wewe hunisikilizi."

"Nakusikiliza, nyakwara, mjukuu wangu. Ukifika kwa jambo lenyewe, mikono itasimama yenyewe."

Alicheka, lakini tangu hapo akawa anatazama mikono yangu tu.

Siku yenyewe akanikalisha mstari wa mbele na uzi wangu, akaniomba nisimhurumie, nisisimamishe mikono kabla hajafika kwa jambo lenyewe. Msichana aliyekaa kando yangu na laptop mapajani, Ifrah, akatazama ufumaji wangu akauliza, "Shosh, hiyo yako ni laptop gani?" Nikamwambia ni ile haitaki stima.

Jacklyne akaanza na yale maneno ya mashine. Akawa anarudia sentensi moja. Mimi ndiye niliyemlea huyu mtoto. Nilitamani sana kusimamisha mikono ili apate nguvu. Lakini si aliniomba? Nikafuma. Akaniona nafuma, akanyamaza. Watu wakaanza kugeukiana. Nami namtazama yeye tu, na sindano inaenda.

Halafu akayaacha yale maneno ya mashine. "Acha niwaambie kuhusu jirani yetu Benta," akasema.

Akawasimulia jinsi programu yake, ile ya kuwajulisha watu wa estate maji yakirudi, ilivyomwamini Benta. Benta alisikia mfereji ukikoroma, akatuma habari kwamba maji yamefika. Wamama wote tukatoka na karai na nguo chafu, mfereji ukatoa upepo. Ndipo Jacklyne akajua kwamba programu lazima ingoje majirani wengine nao waseme wameyaona maji. Ukumbi ulicheka, kisha ukatulia, watu wakamsikiliza hadi mwisho. Aliponitazama, uzi ulikuwa umelala mapajani.

Nyumbani nilikiangalia kile kitambaa. Pale aliponyamaza, mistari imeharibika, tundu hapa, fundo pale. Akaniambia nikifumue nianze upya. Nikakataa. Nimekitandika kwenye kiti changu, na hapa ndipo nimekaa sasa, Jacklyne akijaribu hotuba nyingine mbele yangu, na bado nafuma.