Uvimbe wa Diwani

Kwa miaka mitano diwani alikuwa akiahidi kisima, na Zaidi, ambaye kijiji kizima kilimwita Redio, hakuwa amesahau ahadi hata moja. Leo diwani alisimama tena mkutanoni akaomba wasubiri kidogo.

Bibi Mwaija akainua khanga, akaonyesha miguu iliyovimba kwa kufuata maji bondeni.

"Pole, bibi," diwani akasema huku akipapasa kitambi. "Hata mimi nimevimba. Tuko pamoja."

Zaidi akaruka. "Pamoja wapi, mheshimiwa? Kiingereza nimejifundisha kwa kamusi ya mtumba ya Korogwe! Mguu wa bibi ni 'swelling', umeumia. Tumbo lako ni 'bloating', limeshindiliwa!"

Mkutano ukaangua kicheko. Diwani akalikimbilia gari lake, akakuta ng'ombe wa mfugaji Leboo wamelizingira, mwenyewe amesimama kando.

"Wasogeze, bwana!"

"Wamechoka, mheshimiwa," Leboo akasema, bila kuinua fimbo. "Wametoka kunywa maji huko huko bondeni."

Bibi Mwaija akamkabidhi diwani ndoo. "Basi twende wote, mwanangu. Nitakuonyesha njia."

Wakaondoka, Zaidi nyuma yao akimsomea ahadi zake zote kwa kichwa. Hawajafika nusu ya njia, diwani akatoa simu akampigia mchimba visima.